Kupima ubongo: Siri iko katika kusubiri

Na MWANDISHI WETU

TUSEME umekubali kujitolea katika utafiti wa ubongo. Umevua saa, mkufu na mshipi, umetoa sarafu zote mfukoni, kisha ukalazwa chali juu ya kitanda chembamba na kuingizwa kichwa kwanza ndani ya mtambo wa MRI, ule mkubwa mfano wa tangi la maji lenye tundu katikati. Umeambiwa usitikise kichwa hata kidogo. Masikio yako yamezibwa kwa sababu mtambo huo hupiga kelele kama karakana ya mabati.

Juu ya macho yako kuna kioo kidogo, na kupitia kioo hicho unaona picha. Unatokea uso wa mtu. Baada ya sekunde mbili inatokea nyumba. Halafu hakuna kitu, ila alama ndogo ya msalaba katikati ya kioo. Unasubiri. Sekunde nne zinapita, sita, nane. Unaanza kujiuliza kama mtambo umekwama, au kama wataalamu walio nyuma ya dirisha wamekwenda kunywa chai. Ghafla nyuso mbili zinakuja zikifuatana, kisha nyumba, kisha ule msalaba tena.

Hakuna kilichoharibika, msomaji. Kimya hicho kilipangwa. Yamkini kompyuta ilijaribu maelfu ya mipango kabla ya wewe kufika, ikautupa mmoja baada ya mwingine mpaka ikaupata huu unaouona. Mpango ukiwa mbovu, zile picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya manjano ambazo huchapishwa magazetini zinaweza kuwa hazina maana yoyote, hata kama mtambo uligharimu mamilioni ya pesa na mtu aliyepimwa alitulia kama maji ya mtungini.

Damu haina haraka

Kwanza kuna dhana moja inayofaa kuondolewa. Mtambo wa MRI hauoni mawazo. Hauoni hata ule umeme hafifu ambao seli za ubongo hutumia kupashana habari. Unachoona ni damu.

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa karibu asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Ghala lake la akiba ni dogo sana. Kwa hivyo sehemu fulani ya ubongo inapoanza kazi, mishipa ya mahali hapo hupanuka na damu yenye oksijeni hukimbilia huko. Jambo hili lilishukiwa zamani. Katika karne ya 19, Angelo Mosso, mtaalamu wa mjini Turin, Italia, alimchunguza mkulima aliyekuwa na tundu katika fuvu la kichwa. Aliona kwamba ubongo wa mkulima huyo ulipwita kwa nguvu zaidi kengele za kanisa zilipolia. Mwaka wa 1890 Charles Roy na Charles Sherrington wa Cambridge, Uingereza, waliandika kwamba ubongo una namna yake wenyewe ya kujiongezea damu kulingana na kazi.

Mwaka wa 1936, Linus Pauling na Charles Coryell wa Marekani waligundua jambo ambalo halikuonekana kuwa na uhusiano wowote na mawazo ya binadamu. Walipima damu kwa sumaku na kuona kwamba himoglobini, ile chembe nyekundu inayobeba oksijeni, hubadilika tabia mbele ya sumaku pindi inapoutua mzigo wake. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kabla ya Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell kule Marekani, kuunganisha mambo hayo mawili. Mnamo 1990 alionyesha, kwa kutumia panya, kwamba mtambo wa MRI unaweza kutofautisha damu iliyojaa oksijeni na ile iliyopungukiwa. Miaka miwili baadaye makundi kadhaa ya watafiti yalikuwa yamekwisha kuwapima watu kwa njia hiyo. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa upimaji unaoitwa fMRI, yaani MRI ya kuonyesha kazi ya ubongo, mbali na ile ya kuonyesha umbo lake.

Shida ni kwamba damu ni mvivu. Seli ya ubongo humaliza kazi yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Damu huanza kuongezeka baada ya sekunde moja au mbili, hufika kilele chake baada ya sekunde tano au sita, hupungua polepole, hushuka chini kidogo ya kiwango cha kawaida, kisha hutulia baada ya sekunde 20 au zaidi. Uso uliouona kwa nusu sekunde tu unaacha nyuma yake wimbi la damu la karibu nusu dakika.

Fikiria kengele. Ukiigonga mara moja, mlio wake utaendelea kuvuma muda mrefu baada ya mkono wako kutulia. Ukiigonga kila baada ya sekunde mbili, aliye mbali atasikia mvumo mmoja mrefu na hataweza kukuambia umegonga mara ngapi. Sasa fikiria kengele mbili, moja ya nyuso na moja ya nyumba, zinagongwa kwa zamu, nawe uko mbali unatakiwa kueleza ipi imelia kwa nguvu zaidi.

Isitoshe, wimbi lenyewe ni dogo. Mara nyingi alama inayopokewa na mtambo hubadilika kwa kiasi cha asilimia moja hivi, na imezungukwa na vurugu la mapigo ya moyo, kupumua, kichwa kinachosogea kidogo, na mtambo wenyewe ambao vipimo vyake hupanda na kushuka taratibu kadiri dakika zinavyopita. Ndiyo sababu picha moja haitoshi. Ni lazima jambo lile lile lirudiwe mara kadhaa. Kila kurudia kunakula muda, na muda katika mtambo huo ni ghali. Mtoto mdogo au mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo hawezi kulala bila kutikisika kwa saa nzima.

Mafungu ya nusu dakika

Mwanzoni watafiti waliepuka tatizo hili kwa njia rahisi. Walipanga kazi kwa mafungu: nyuso tupu kwa sekunde 20 au 30, kisha nyumba tupu kwa muda kama huo, kisha mapumziko, na kurudia. Milio inarundikana, wimbi linakuwa kubwa, na tofauti inaonekana waziwazi.

Usiidharau njia hiyo kwa kuwa ni ya kale. Mnamo 2006 Adrian Owen na wenzake, waliokuwa Cambridge, walitangaza habari za mwanamke kijana aliyekuwa amejeruhiwa vibaya katika ajali ya barabarani mwaka uliotangulia. Alikuwa akifumbua macho lakini hakuonyesha dalili yoyote ya kuwa na fahamu. Walimlaza katika mtambo, wakamwambia ajione akicheza tenisi kwa sekunde 30, kisha apumzike kwa sekunde 30. Wakati mwingine waliambia ajione akitembea ndani ya vyumba vya nyumba yake. Sehemu za ubongo zilizoamka zilikuwa zile zile zinazoamka kwa watu wazima wenye afya wanapoambiwa hivyo. Mtu aliyedhaniwa kuwa hasikii alikuwa akisikia, akaelewa na kutii. Lau watafiti hao wangetumia amri fupi fupi za sekunde moja, huenda wimbi lingezama katika vurugu na jibu lake lisingeonekana.

Mafungu pia hutumiwa sana na madaktari kabla ya upasuaji wa kifafa, wanapotaka kujua lugha ya mgonjwa inakaa upande upi wa ubongo ili kisu kisiiguse. Zamani jambo hilo lilijulikana kwa kudunga dawa ya kulaza nusu moja ya ubongo kwa dakika chache, njia ambayo ina hatari zake. Mwaka wa 2017 chama cha madaktari wa neva nchini Marekani kilitoa mwongozo uliokubali kwamba, kwa baadhi ya wagonjwa, fMRI inaweza kushika mahali pa sindano hiyo.

Lakini mafungu yana kasoro. Ukishaona nyuso tano mfululizo unajua wa sita utakuwa uso, na ubongo wako unaacha kushangaa. Wengine husinzia. Fungu likiwa refu mno, tuseme dakika mbili au tatu, mabadiliko yake hufanana na yale ya polepole ya mtambo wenyewe. Kompyuta inaposafisha vurugu la mtambo hulifuta na fungu lako pamoja nalo.

Zaidi ya hayo, kuna maswali ambayo hayawezi kabisa kufungwa katika mafungu. Tuseme unataka kujua ubongo hufanya nini wakati neno linapoingia katika kumbukumbu na kubaki, tofauti na neno linaloingia na kutoka. Huwezi kuweka pamoja maneno yote yatakayokumbukwa, kwa maana hakuna anayejua ni yapi. Mwenye kukumbuka mwenyewe hajui.

Hesabu ya dukani

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walianza kupima tukio moja moja badala ya mafungu. Mwanzoni walifanya kama mtu mwenye kengele angefanya: gonga, subiri mlio ufe, gonga tena. Ukisubiri sekunde 15 kila mara, dakika 20 zinakupa matukio 80. Ukiwa na picha za aina nne, kila aina inapata 20 tu. Na yule aliyelala ndani? Katika sekunde hizo 15 mawazo yake yamekwenda nyumbani, kwa watoto, kwa kodi ya nyumba na kwa ile simu aliyosahau kupiga.

Mtu angesema, basi punguza nafasi iwe sekunde nne kila mara. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mawimbi yakifuatana kwa nafasi sawa, kila moja hupandwa na mwenzake mahali pale pale, na jumla yake huwa karibu mstari ulionyooka. Hakuna kupanda wala kushuka, na kompyuta haina cha kushika.

Mnamo 1997 Anders Dale na Randy Buckner, wa hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, walionyesha njia ya kutoka. Walitegemea ukweli mmoja: mawimbi ya damu yanapopandana, kwa kiasi kikubwa hujumlishana tu. Kitu kilichojumlishwa kinaweza kutenganishwa, hata matukio yakija kila baada ya sekunde mbili, mradi mpango wake uwe wa kufaa.

Ili kuelewa jambo hilo, acha ubongo kidogo uende dukani. Kila asubuhi unamtuma mtoto anunue pakiti moja ya maziwa na mkate mmoja. Kila asubuhi anatumia shilingi 125. Hata akienda mara mia moja, hutajua bei ya maziwa ni ngapi na ya mkate ni ngapi, kwa sababu vitu hivyo viwili haviachani kamwe. Lakini siku moja wanakuja wageni, unamwagiza maziwa mawili na mkate mmoja, naye anatumia shilingi 185. Papo hapo unajua maziwa ni shilingi 60 na mkate ni 65. Siku moja tu ya mchanganyiko tofauti imekufunza kuliko siku mia moja za mazoea.

Ndivyo ilivyo kwa picha. Kama nyumba hufuata uso daima, baada ya sekunde nne daima, wimbi la uso na la nyumba ni kama maziwa na mkate. Lakini kama wakati mwingine uso unafuatwa na uso, mara nyumba inakuja baada ya sekunde mbili, mara baada ya nane, kila mchanganyiko unaongeza hesabu moja mpya, na kompyuta inaweza kutenganisha bei ya kila kimoja. Na ule msalaba unaokuchosha? Hiyo ni siku ambayo mtoto hakutumwa dukani. Bila siku kama hizo huwezi kujua ni pesa ngapi hupotea mfukoni mwake hata asiponunua kitu.

Mwaka wa 1999 Dale alichapisha hesabu zilizotuliza mabishano mengi. Nafasi zikiwa sawa, kadiri unavyozifupisha ndivyo kipimo kinavyodhoofika haraka. Zikitawanywa bila kulingana, mambo hugeuka: kadiri wastani wa nafasi unavyopungua ndivyo kipimo kinavyoimarika. Kwa muda ule ule ndani ya mtambo, mpango wa nafasi zisizolingana unaweza kuwa bora zaidi ya mara 10 kuliko wa nafasi sawa. Mtambo ni ule ule, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni saa tu.

Na lile swali la kumbukumbu? Lilijibiwa Agosti 1998, katika makala mawili yaliyotoka pamoja katika jarida la Science. Kundi moja, la Anthony Wagner, lilitumia maneno. Lingine, la James Brewer, lilitumia picha za mandhari. Watu waliona vitu hivyo kimoja kimoja wakiwa ndani ya mtambo, na baadaye wakapewa mtihani wa kukumbuka. Watafiti walirudi nyuma na kuyagawa matukio: haya yalikumbukwa, haya yalisahauliwa. Sehemu fulani za mbele za ubongo na nyingine zilizo karibu na kitako chake zilikuwa zimefanya kazi kwa nguvu zaidi katika yale yaliyokumbukwa. Yaani wakati neno linaingia kichwani, tayari kulikuwa na dalili ya kama litabaki.

Kuchagua mbegu

Tukishakubali kwamba nafasi zitawanywe, je, zitawanywe vipi? Ukiwa na nyuso 60, nyumba 60 na vimya 60, idadi ya namna unazoweza kuvipanga ni nambari yenye tarakimu zaidi ya 80. Hakuna kompyuta itakayozijaribu zote. Nyingi kati yake zinafaa kiasi, chache ni mbaya sana, na chache ni nzuri sana.

Programu iitwayo optseq, iliyotoka katika hospitali ile ile ya Boston, hutumia subira: hubuni mipango mingi kwa bahati nasibu, huipima kila mmoja, na kuhifadhi iliyo bora. Tor Wager na Thomas Nichols walileta njia nyingine mwaka wa 2003. Kompyuta yao hufanya kama wataalamu wa mbegu za mahindi kule Kitale. Huanza na mipango mingi, huchagua iliyo imara, huichanganya nusu ya huu na nusu ya ule, hubadilisha punje chache hapa na pale, kisha hupima kizazi kipya na kuchagua tena. Baada ya vizazi vingi hubaki mpango ambao mtu asingeubuni kwa akili zake.

Lakini mbegu bora kwa nini? Mkulima wa nyanda za juu na yule wa nyanda kavu hawatafuti mahindi ya aina moja. Mwaka wa 2001 Thomas Liu na wenzake walionyesha kwamba kuna malengo mawili yanayovutana. Ukitaka tu kujua kama sehemu fulani imefanya kazi, mpango unaofanana na mafungu ndio wenye nguvu. Ukitaka kujua umbo la wimbi, yaani lilipanda lini na likashuka lini, unahitaji mchanganyiko wa nasibu. Unapoongeza kimoja unapunguza kingine.

Hapa ndipo suala hili linapomgusa mgonjwa moja kwa moja. Umbo la wimbi hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa mzee, au kwa aliyepata kiharusi, au kwa mwenye mishipa iliyoziba, damu inaweza kuchelewa kufika ingawa seli za ubongo zimefanya kazi yake sawasawa. Mtafiti akitumia kipimo kilichokatwa kwa mwili wa kijana wa chuo kikuu, atatangaza kwamba ubongo wa mzee umelala, kumbe ni damu tu iliyochelewa njiani. Tofauti hiyo si ndogo kwa familia inayosubiri kuambiwa kama baba bado anaelewa anachosikia. Hata kikombe cha kahawa au chai ya rangi kabla ya kupimwa huweza kubadilisha matokeo, kwani kafeini hubana mishipa ya damu ya ubongo.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, wapenzi wa hesabu hulisahau upesi. Mpango bora kwa kompyuta unaweza kuwa mbaya kwa binadamu. Kompyuta haijali kukupa nyuso tisa mfululizo, lakini wewe ukiona hivyo unaanza kubashiri, na kubashiri nako ni kazi ya ubongo. Vile vile, picha zikija kwa kasi mno, chini ya sekunde mbili hivi, kujumlishana kwa mawimbi huanza kuharibika, kama vile mlio wa pili wa kengele unavyomezwa na wa kwanza. Mnamo 1998 Marc Burock na wenzake walionyesha kwamba inawezekana kupima hata picha zikija kila nusu sekunde. Lakini linalowezekana si lazima liwe la busara kwa kila kazi. Mtu anayetakiwa kufikiri, kuamua na kubonyeza kitufe anahitaji muda.

Saa mbili zisizoelewana

Mtambo nao una saa yake. Kwa miaka mingi ulikuwa ukipiga picha moja ya ubongo wote kila baada ya sekunde mbili au tatu. Kama picha hupigwa kila sekunde tatu, na nyuso huja kila sekunde sita kamili, mtambo utaona wimbi katika sehemu mbili zile zile daima, na huenda kilele kikapita katikati bila kuonekana. Ni kama mtu anayechungulia barabarani kila saa ikigonga, wakati basi hupita nusu saa baadaye. Ataapa kwamba njia hiyo haina basi.

Mwaka wa 1999 Cathy Price na wenzake wa London walionya kwamba jambo hili si la kubuni: sehemu za ubongo zinazofanya kazi zinaweza kukosekana kabisa katika matokeo kwa sababu tu saa ya picha na saa ya mtambo zilikwenda sambamba. Dawa yake ni ile ile, kuzitawanya nafasi ili saa hizo mbili zisikutane mahali pamoja kila mara. Mitambo ya kisasa inaweza kupiga picha ya ubongo wote kwa muda usiofika sekunde moja, na hilo limesaidia. Lakini damu haijaongeza mwendo.

Ukiombwa kujitolea

Msomaji, ukitumwa MRI na daktari wako jijini Nairobi au Mombasa, kwa kawaida itakuwa ile ya kuonyesha umbo: kama kuna uvimbe, damu iliyovuja au mshipa ulioziba. Huko hakuna nyuso wala nyumba, na haya ya kupanga nafasi hayakuhusu. Usimwulize daktari picha yako inasema unafikiri nini.

Yatakuhusu unaposoma kwamba wanasayansi wamepata mahali penye upendo, uongo au uchoyo katika ubongo. Usitazame madoa mekundu kwanza. Tafuta walichofanyiwa watu waliopimwa: walikuwa wangapi, walionyeshwa nini, na kwa nafasi gani. Kama upendo na mapumziko vilifuatana daima kama maziwa na mkate, una haki ya kushuku bei uliyotajiwa.

Na yatakuhusu zaidi siku utakayoombwa kujitolea, hapa au ukiwa masomoni ng'ambo. MRI haitumii eksirei, bali sumaku na mawimbi ya redio. Hatari yake kubwa ni chuma, kwa hivyo taja kila kitu kilichowekwa mwilini mwako, kuanzia kifaa cha moyo hadi vyuma vya mfupa uliovunjika. Sema kama unaogopa mahali pafinyu, na sema pia kama umekunywa kahawa. Utapewa kitufe cha dharura, na una ruhusa ya kusimamisha kazi wakati wowote bila kutoa sababu. Lakini usikibonyeze kwa sababu tu ule msalaba umekaa sekunde nane, au hata 12, bila picha kutokea. Utazame tu, picha nyingine inakuja.